Maswali ya wasomaji: Bibi, wajukuu na safari ya mlimani

Likizo za katikati ya mwaka zinakaribia, na barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: ukoo mzima unakwendaje mlimani bila wazee kuteseka na bila watoto kuchoshwa? Tumechagua barua sita. Majibu yanahusu Kilimanjaro na Meru, kwa kuwa ndiko karibu wote mnakoelekea.

Shikamooni wahariri. Tuko kumi na wanne. Mama ana miaka 74 na goti la kulia linamsumbua. Baba ana 79, anatumia dawa za presha. Watoto wako sita, mdogo ana miaka mitatu, na wawili kati yao wanakuja na kaka kutoka Uingereza. Mama anatamani sote tupande hadi Mandara, kituo cha kwanza cha kulala kwenye njia ya Marangu ya Kilimanjaro, tule chakula, turudi siku hiyohiyo. Inawezekana? Na twende lini?
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Marahaba. Tuanze na tarehe, maana ratiba nyingi za ukoo hukwama hapo. Shule za Tanzania hufungwa mwanzoni mwa Juni na kufunguliwa mwanzoni mwa Julai. Za Uingereza hufungwa karibu na mwisho wa Julai. Likizo hizo hazikutani kabisa. Mkisubiri zikutane mtajikuta Desemba, wakati Wachagga wote wanarudi nyumbani kuhesabiwa, na nauli na vyumba vya Moshi havishikiki. Tungechagua Nane Nane. Agosti 8 ni sikukuu, watoto wa Uingereza wako likizo, na watoto wa huku mnaweza kuwaombea ruhusa ya siku moja au mbili. Machi hadi Mei msijaribu: ni masika, njia inageuka tope.

Sasa Mandara. Lango la Marangu liko karibu mita 1,870 kutoka usawa wa bahari, Mandara ni mita 2,720, na njia ina kilomita 8 hivi ndani ya msitu. Mtu mzima mwenye mazoezi hupanda kwa muda wa saa tatu hadi nne na kushuka kwa saa mbili au zaidi kidogo. Mkiwa na watoto wa miaka minane au tisa, ongezeni saa moja kupanda.

Mama asipande. Kinachomkataza ni kushuka: mita 850 za kuteremka juu ya mizizi na udongo unaoteleza, kila hatua uzito wote ukimwangukia goti. Wazee wengi hufika juu wakicheka, wakaanza kulia wakiwa njiani kurudi, ambako hakuna gari la kumpandisha mtu. Aliyeshindwa huko hubebwa kwa machela ya gurudumu moja, na hiyo si safari ya kumpeleka mama wa miaka 74. Msidanganywe pia na kuambiwa kwamba Agosti ni kiangazi. Msitu ule hunyeshewa na ukungu, njia hubaki na unyevu hata Agosti.

Gawanyikeni makundi matatu na mkutane jioni. Wenye nguvu na watoto wa miaka kumi kwenda juu waende Mandara, na wakifika mapema waongeze dakika ishirini hadi kingo za kreta ya Maundi. Hewa ikiwa safi wataona vilele vya Mawenzi na Kibo, na tambarare za upande wa Taveta chini yao. Baba, kama daktari wake ameridhia, na watoto wa miaka sita hadi tisa waishie Kisambioni, karibu katikati ya njia, penye meza za kulia na vyoo, kisha wageuze. Mama na yule wa miaka mitatu wabaki Marangu. Waende maporomoko ya Kinukamori (kushuka chini kuna ngazi zenye utelezi, kwa hiyo mama akae juu), halafu nyumba mojawapo wanakoonyesha wageni jinsi kahawa inavyokaangwa na kutwangwa. Tena asiyeingia hifadhini halipi kiingilio cha hifadhi.

Kundi linalopanda lichukue waongozaji wawili, hata kama mmoja angetosha. Mtoto akianza kuumwa kichwa akiwa kilomita ya sita lazima ashuke na mtu mzima na mwongozaji. Mkiwa na mwongozaji mmoja, ama wote mnarudi na watoto wengine wananuna, ama mnafanya kosa la kumwachia mtu ateremke peke yake.

Fikeni getini saa 1:30 asubuhi, kwa sababu kujiandikisha kunaweza kula saa nzima. Anzeni kutembea saa 2:30. Ikifika saa 7 mchana, popote mlipo, geuzeni, hata kama paa za Mandara zinaonekana. Kanuni hiyo itangazwe usiku wa kabla ya safari mbele ya watoto wote. Ikitangazwa njiani inageuka ugomvi. Msitegemee simu kuitana, mtandao msituni hukatika. Pangeni saa ya kukutana getini.

Neno moja kuhusu baba. Wazee wengi wanaotumia dawa ya presha ya kukojoza huiruka siku ya safari ili wasisumbue watu kutafuta choo. Presha inapanda wakati anapohitaji itulie. Muulizeni daktari mapema kama saa ya kumeza inaweza kusogezwa, na pangeni vituo vya choo barabarani. Dar hadi Moshi ni kilomita 560 hivi. Kwa wazee hao, kulala Korogwe, karibu nusu ya njia, kunaokoa siku nzima ya kujinyoosha viungo. Wakikaa garini wasimame na kutembea kidogo kila baada ya saa mbili.

Mwanangu wa miaka kumi na mmoja ana selimundu (sikoseli). Binamu zake wanakwenda Mandara kulala usiku mmoja na yeye analia anataka kwenda. Amekaa mwaka mzima bila kulazwa. Nimruhusu?
*Mama, Mwanza*

Hapana, dada. Kukaa mwaka bila kulazwa ni habari njema, lakini haimpi kinga mlimani. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa na oksijeni kidogo, na chembe zake nyekundu za damu zikikosa oksijeni hujikunja na kuziba mishipa midogo. Baridi na kukaukiwa maji huchochea jambo hilohilo, na Mandara ina vyote vitatu kwa pamoja. Maumivu yakimwanza usiku, yuko kilomita 8 kutoka barabarani gizani.

Akae chini pamoja na wale wasiopanda, Moshi au Marangu, avae joto, anywe maji kila mara, na aende na dawa zake pamoja na karatasi ya kliniki. Hata kwa Marangu, iliyo karibu mita 1,400, mwone daktari wake kabla.

Kwa wazazi wengine: mwenye kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, yaani AS, kwa kawaida hana shida kwenye miinuko ya Mandara, lakini anayekusudia kwenda juu zaidi amweleze daktari na mwongozaji. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto yanaweza kuwa bandama. Hapo ni kuteremka mara moja, bila kungoja asubuhi.

Mimi na mke wangu ni Watanzania, dada yangu ana uraia wa Marekani, watoto wake wana pasi za huko, na shemeji ni Mkenya. Tunalipaje kiingilio? Kuna wakala ametupa bei moja kwa kila kichwa.
*Msomaji, Arusha*

Bei moja kwa kila kichwa kwa familia ya namna hiyo ina maana kuna anayemlipia mwenzake bila kujua. Viwango vinatofautiana sana kati ya raia wa Afrika Mashariki, wageni wakazi wenye vibali, na wageni wasio wakazi. Kinachoangaliwa ni kitambulisho, siyo ukoo. Dada yako mwenye pasi ya Marekani atalipa kama mgeni, na watoto wake kiwango cha watoto wageni, hata kama wamezaliwa hospitali ya Mount Meru. Shemeji Mkenya anaingia kiwango cha Afrika Mashariki. Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi. Wa miaka mitano hadi kumi na tano wana kiwango chao.

Raia wabebe kitambulisho cha NIDA au pasi, na watoto nakala ya cheti cha kuzaliwa. Hapa watu wengi hukwama: mtoto wa miaka kumi na nne mwenye kimo cha mtu mzima, hana karatasi yoyote, na foleni nyuma inanung'unika. Pasi ya shemeji nayo isisahaulike kwenye begi lililobaki hotelini.

Mwambieni wakala aandike upya kwa mistari: kiingilio cha kila mtu kwa daraja lake, kodi ya ongezeko la thamani (VAT), waongozaji, gari, chakula. Muulizeni pia bei ni ya mwaka gani wa fedha. Mwaka wa serikali huanza Julai 1, na viwango vya hifadhi hutangazwa kwa mwaka huo, hivyo bei uliyopewa Mei inaweza kuwa imebadilika Agosti. Getini hawapokei fedha taslimu. Mnalipa kwa kadi au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Na Kilimanjaro inatoza kwa siku: kulala usiku mmoja ni siku mbili za kulipia.

Tunatoka Nairobi kwa gari letu, watu saba, pamoja na mama mkwe mwenye miaka 81 anayetembea kwa mkongojo. Hataki kubaki hotelini. Tumeambiwa twende Kilimanjaro. Kuna pengine pazuri zaidi kwake?
*Msomaji, South B, Nairobi*

Pako. Nendeni Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na Meru ikaongezwa 1967. Wengi huipita wakikimbilia Serengeti, na kwa familia yenye mzee tunaona ni kosa. Huko mama mkwe anaona kila kitu akiwa amekaa: twiga kando ya barabara, mbega weusi wenye manyoya meupe marefu kwenye msitu wa Ngurdoto, nyati, na maziwa ya Momella yenye heroe. Maji ya maziwa hayo ni ya magadi na rangi hutofautiana ziwa kwa ziwa, jambo linalowapa watoto kazi ya kubishana ndani ya gari. Simba hakuna, waambieni mapema.

Ngurdoto ni kreta ambayo hairuhusiwi kuteremka ndani. Unatazama kutoka kingoni, na sehemu za kutazamia ziko hatua chache kutoka gari linaposimama. Kwa mkongojo hizo zinatosha. Anzeni na Ngurdoto asubuhi, kisha Momella kwa chakula cha mchana. Wenye miguu mizuri wanaweza kuachwa lango la Momella watembee na askari mwenye bunduki hadi maporomoko ya Tululusia. Askari huyo si pambo: nyati wa Meru wako vichakani, hamuwaoni mpaka mmekaribia. Ulizeni umri unaokubaliwa kwa matembezi kabla hamjawaahidi watoto.

Kuhusu gari: kutoka Namanga hadi Arusha ni kilomita 110 hivi za lami, lakini barabara za ndani ya hifadhi ni za changarawe na mawe. Gari la chini litakwangua. Gari lenye namba za Kenya hutozwa tofauti na la Tanzania, na bima ya kuvuka mpaka lazima iwe tayari. Piga hesabu, mara nyingi kuacha gari lako Usa River na kukodi Land Cruiser la kufungua paa kwa siku moja kunatoka nafuu, na kila mtu anaona. Tatizo la Land Cruiser ni ngazi yake ya juu. Bebeni stuli imara ya mbao ya sentimita 25 au 30 kwa ajili ya mama mkwe, na mkalisheni kiti cha mbele kando ya dereva: hakitikisiki kama cha nyuma, kwa sababu viti vya nyuma kabisa vimekaa juu ya ekseli. Mto mmoja wa mgongoni utasaidia kuliko dawa za maumivu.

Tutalala Mandara usiku mmoja, watu tisa. Wifi amejitolea kupika. Tubebe nini, na watoto wavae nini?
*Msomaji, Morogoro*

Mwambie wifi asahau maharage mabichi. Kwenye mita 2,720 maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 91 hivi, si 100, na maharage yatakaa motoni mpaka gesi iishe yakiwa bado yanagonga meno. Yachemsheni nyumbani, yapoe, mbebe kwenye chombo chenye kifuniko, juu myaunge tu. Wali nao unahitaji maji zaidi kidogo na muda mrefu. Mtori ndio chakula cha pale hasa: ndizi na nyama vikiwa vimeshapikwa Marangu, juu ni kupasha moto, na hata mtoto aliyekosa hamu ya kula huunywa. Kwa njiani, chapati zilizokunjwa na yai, ndizi mbivu, karanga, na chai ya tangawizi kwenye chupa. Maji lita moja na nusu kwa mtu mzima, lita moja kwa mtoto.

Msibebe chochote kwenye mifuko ya plastiki. Imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Na msile mkiwa mmetawanyika nje. Kima wa Mandara wamezoea watu. Humwacha mtu mzima na kumfuata mtoto mwenye mkate mkononi.

Mnalala kwenye vibanda vya mbao vyenye vitanda vya ghorofa na magodoro, lakini blanketi ni juu yenu, yaani mifuko ya kulalia, ambayo hukodishwa Moshi na Marangu. Ifungueni dukani, vuteni zipu juu mpaka chini. Zipu iliyokufa hugunduliwa saa 3 usiku. Joto hushuka karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Alfajiri ya kipupwe Moshi ikiwa nyuzi 16, Mandara mko kwenye nyuzi 5. Nguo za sufi na jaketi zipo tele kwenye mitumba ya Memorial, Moshi, msinunue mpya. Kinachokosewa ni pamba: fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, na mtoto akisimama kupumzika anaanza kutetemeka. Avae ya nailoni au sufi mwilini, na fulana kavu ya kulalia iwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Viatu visiwe vipya siku hiyo. Kateni kucha za miguu siku mbili kabla, kwa kuwa wakati wa kushuka vidole hugonga mbele ya kiatu.

Mtoto wa mgongoni ni hadithi nyingine. Mama anapanda anatoka jasho, anadhani na mwanawe ana joto, kumbe mtoto hatembei na miguu yake imening'inia kwenye baridi. Mguseni miguu na shingo kila nusu saa. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hawezi kusema kichwa kinamuuma. Akikataa chakula, akalia bila kunyamazishika, akatapika, chukulieni ni ugonjwa wa mwinuko na mteremke naye. Kusema kweli, mtoto wa umri huo tungemwacha Marangu na shangazi.

Mizigo mwachieni mpagazi, au mgumu kama wanavyoitwa huko. Mzigo wake hupimwa getini na haupaswi kuzidi kilo 20.

Babu ana miaka 83 na anataka kuona theluji ya Kibo kwa karibu kabla hajafa, anasema mwenyewe. Dereva mmoja ametuambia kuna njia ya gari mpaka Shira. Tumpeleke?
*Wajukuu, Singida*

Barabara ipo, inaingilia lango la Londorosi. Hatari iko palepale kwenye urahisi wake. Moshi iko karibu mita 800. Tambarare ya Shira imevuka mita 3,500. Mwili unaopelekwa huko kwa gari asubuhi moja haukupata nafasi ya kuzoea, na babu huenda asihisi kitu akiwa garini, kisha kichwa kuuma, kichefuchefu na moyo kwenda mbio vikaja pamoja. Kwa miaka 83 tunasema msimpeleke, hata dereva akiwa mzoefu.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ukiingia msituni, Kibo hukioni. Kinaonekana vizuri ukiwa mbali nacho. Mlazeni Moshi au upande wa Sanya Juu usiku tatu, kwa sababu wakati wa kipupwe mawingu yanaweza kuufunika mlima siku nzima, na usiku mmoja ni kucheza kamari. Mwamsheni saa 12 alfajiri; kati ya hapo na saa 2 mawingu huwa bado chini. Jioni karibu na machweo hufunguka tena. Chukueni chumba chenye dirisha au baraza linaloelekea mlimani, na muulize hivyo kwa simu kabla ya kulipa, kwa kuwa maneno "mandhari ya mlima" kwenye matangazo wakati mwingine humaanisha mlima uko nyuma ya jengo la jirani. Darubini ya mkononi ya 8 kwa 42 (inayokuza mara 8, lenzi ya milimita 42) itamtosha kuiona barafu bila mikono kutetemesha picha. Blanketi, kiti chenye mikono ya kuegemea, na chai.

Fedha mtakazookoa kwa kutokwenda Shira walipieni wajukuu wawili wakubwa wapande Mandara, wampigie picha Kibo kutoka Maundi. Bahashishi za waongozaji na wagumu zitengwe tangu mwanzo wa mchango, kila mmoja apewe mkononi mwake getini.